Ruhusa Aliyoitafuta Mkawasi

Ruhusa ya wengi hufika matangani. Mmeisikia leo kwa wanawake wa kanisani, wajukuu wangu, na mnauliza nani aliisema kwanza. Haikutoka mbali. Ilizaliwa katika ukoo wetu, hapa hapa Taita, nami nilikuwapo.

Mkawasi, mke wa Mwadime, mtoto wa kaka yangu, alikuwa na mimba ya miezi sita alipokwenda zahanati. Muuguzi alitayarisha chanjo ya kumkinga yeye na mtoto na pepopunda. Mkawasi akavuta mkono.

"Sijaruhusiwa."

"Kwani mkono ni wa nani, mama?"

"Mkono ni wangu. Tumbo ni la ukoo."

Wanawake kwenye foleni walicheka. Muuguzi hakucheka. "Basi waulize upesi. Sindano ni mbili, na ya pili hungoja mwezi mzima."

Mwadime alisema, "Muulize mama." Mama mkwe akasema, "Sisi tulizaa bila kudungwa. Lakini kamuulize baba mkubwa." Baba mkubwa akakuna ndevu. "Mimi sikatai. Ila shangazi ndiye mtu wa maombi. Akikubali yeye, nani atabisha?"

Shangazi huyo ni mimi.

Nilimwambia nitafunga siku saba. Nikafunga. Nikaongeza saba nyingine, kisha nyingine. Watu walisema sindano ile inaharibu kizazi, nami niliogopa kulaumiwa. Woga wangu nikauita kumngoja Bwana. Bado namwomba anisamehe.

Mtoto alizaliwa nyumbani kabla ya siku zake, mvua ikiwa imekata njia. Kitovu kilikatwa kwa wembe wa zamani, kikapakwa majivu. Alinyonya vizuri siku tano. Siku ya sita taya lilikaza, titi likawa haliingii. Ukimgusa tu, mgongo ulijipinda. Siku ya nane tulimzika. Nasema tulimzika, lakini mimi sikuwapo.

Siku hizo simu hazikuwapo. Kesho yake nilivuka mlima nikiwa na jibu langu, nikakuta watu wameketi chini.

"Mkawasi, mwanangu," nilisema kabla sijaelewa, "Bwana amenipa amani. Kadungwe."

Hakulia. Maziwa yalikuwa yamelowesha kanga yake kifuani.

"Niliwauliza watu wanne, Shangazi," alisema. "Mwenyewe sikujiuliza. Karibu uketi. Ruhusa ya wengi hufika matangani."