Magamba Nyuma ya Kona

Wahenga walituonya tusimdharau anyamazaye, kwani hatujui ndani yake kunaiva nini. Onyo hilo lilitimia katika kiwanda kimoja cha gesi.

Mwendesha mitambo mmoja alikuwa na dada yake mtafiti, mwanamke asiyepoteza neno. Kwa kuwa alishinda akipaka mabamba masizi ya kibatari, wafanyakazi walimbandika jina la Mama Masizi, na kaka mtu ndiye aliyelitangaza zaidi.

Wakati huo mhandisi mkuu alitaka kujenga chumba cha waendeshaji nyuma ya kona ya bomba kuu.

"Mlipuko ukipinda kona hufa," alisema, kifua mbele. "Humo mtakaa raha mustarehe."

Dada hakubishana. Aliunda bomba dogo lenye kona, mfano wa lile kuu, linalofunguka kwenye sanduku pana, akatandika ndani mabamba yenye masizi, maana wimbi la mlipuko hujichora juu yake likipita. Kisha akapiga hesabu zake na kutia alama ya chaki kwenye bamba la pili, mbali na kona.

"Dada, hapo unamngoja nani?" kaka akamtania.

"Namngoja anayerudi, mdogo wangu."

Gesi ikawashwa. Puu! Bamba la kwanza likatolewa. Michoro kama magamba ya samaki ilijipanga hadi konani, kisha ikafifia, yakabaki masizi matupu. Mhandisi akapiga makofi. "Si niliwaambia? Wimbi limekufa!"

"Bado la pili, mzee," dada akasema.

Kwenye bamba la pili weusi uliendelea kwa kitambo. Halafu, penye chaki hasa, magamba yakazuka upya, madogo na makali kuliko yale ya mwanzo. Wimbi lilizimika, likagonga ukuta wa sanduku, likawaka tena.

Kaka aliilinganisha alama ile na ramani ya kiwanda. Palikuwa ni pahali ambapo kiti chake kingewekwa katika chumba kipya. Alijawa na haya, na fahari ikaipita haya. Dada ambaye yeye alimtania miaka yote alikuwa ameyaona mauti ya kaka yake kabla hayajafika.

Mhandisi alivua kofia. "Mama, tukijenge wapi?"

Dada akanyoosha kidole chenye masizi hadi ng'ambo ya uwanja. Kaka ndiye aliyetangulia na kamba ya kupimia, akiwaambia wenzake kwa sauti kwamba yule ni dada yake, tumbo moja.

Ama kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.