Kaburi Kwenye Migomba

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo. Neno tumeshalisoma. Sasa nataka masikio tu, maana mfano huu mtu akiusikiliza nusu utamtisha bure na usimfae kitu.

Palikuwa na bwana mifugo mmoja kule Rungwe, kwenye baridi ya milima ya chai. Tumwite Asajile. Mke wake alifariki mapema, hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo alikuwa akiishi na mama yake mzazi katika nyumba ya bati, nyuma yake migomba. Na mnajua maisha ya bwana mifugo kijijini. Hana jioni yake. Yuko mezani anakula, mlango unagongwa: "Daktari, ng'ombe wangu amevimba tumbo." Yuko kanisani, anavutwa shati: "Daktari, nguruwe wangu hawasimami tangu jana." Kutoka kwake hadi dukani ni karibu tu, lakini kwa jinsi alivyokuwa akisimamishwa na salamu, akitumwa chumvi inafika mboga zimeshaliwa.

Mwaka huo akachoka. Akaomba likizo yake, akamwambia mama, "Mama, naenda Dar es Salaam. Peke yangu. Nataka nikakae mahali ambapo hakuna mtu anayenijua."

"Utafikia kwa binamu yako?"

"Hapana, na usimwambie kama niko huko. Simu nayo nitaizima. Nikirudi utaniona."

Akaenda. Akapanga chumba kwenye nyumba ya wageni, upande wa bondeni. Asubuhi anakunywa chai, anatoka, anatembea. Anaangalia maghorofa. Anakaa kwenye benchi anatazama watu wakipita, wakipita, wakipita, na hakuna hata mmoja anayemuuliza habari za mama wala habari za ng'ombe. Aliona raha, wapendwa. Tusijifanye. Nani kati yetu hajawahi kuitamani raha hiyo?

Chumba cha pili yake alikaa mwanamume wa rika lake, mrefu, mkimya, anayetoka asubuhi kwenda kutafuta kibarua. Kila siku wakikutana bombani alisema, "Umeamkaje, jirani?" Asajile anatikisa kichwa tu. Hakuja mjini kusalimiana. Ukuta ulikuwa mwembamba, alimsikia yule bwana akikohoa, alimsikia akiimba kidogo kidogo akipiga pasi shati lake. Lakini hakuna walichozungumza.

Siku moja mchana mvua ikashuka ile ya Dar, ya kufunga macho. Mlango wa Asajile ukagongwa.

"Jirani, samahani. Nimeitiwa kazi ng'ambo ya bonde, nikichelewa wanampa mwingine. Naomba koti lako. Jioni nakurudishia."

Asajile hakutaka maneno mengi. Akalitoa koti msumarini, akampa, akafunga mlango.

Jioni koti halikurudi. Kesho yake pia, wala wiki zilizofuata. Chumba cha pili kikawa kimya. Asajile akasema moyoni, "Ndiyo watu wa mjini hawa." Siku ya kuondoka akamwambia na mama mwenye nyumba, "Yule mtu wako wa chumba cha pili ni mwizi." Akapanda basi, akarudi kwao.

Sasa nisikilizeni.

Basi lilimshusha barabara ya lami mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya chai. Akashika njia ya kwao, begi begani. Alikuwa amepumzika. Tena njiani alijikuta anazitamani zile salamu alizozikimbia. Akasema, leo nitasimama kumsalimia kila mtu.

Mbele yake akaona mtu anatembea na jembe, amevaa sweta la kijani. Akalitazama lile sweta. Kwenye kiwiko lilikuwa na kiraka cha bluu, na kiraka kile alikishona mama yake. Lilikuwa sweta lake, alilolikunja mwenyewe akaliacha sandukuni.

"Jirani!" akaita. "Za hapa?"

Yule mtu akageuka. Akaliweka jembe chini taratibu. Akalivua lile sweta, akalikunja vizuri, akaliweka katikati ya njia kama mtu anayerudisha kitu kwa mwenyewe. Halafu akaanza kurudi kinyumenyume, macho hayamtoki Asajile, mpaka ukungu ukammeza.

Asajile akaliokota sweta. Akafika dukani. Akina mama walikuwa wanacheka barazani, kicheko kikakatika. Mmoja akamfunika mwanawe uso kwa kitenge. "Hamjambo?" akasema Asajile. Hakuna aliyejibu. Wakaingia ndani wote, akasikia komeo linasukumwa. Akasimama nje ya ule mlango, na kutoka ndani akasikia mtu anaomba kwa sauti ya chini, na ndani ya maombi akasikia jina lake: "Asajile, kama tulikukosea utusamehe. Nenda zako kwa amani. Usitusumbue, Asajile."

Jamani. Mtu aliyekwenda mbali kutafuta mahali asiposalimiwa, sasa anatembea njia ya kwao na hakuna anayeitikia salamu yake. Akaanza kutazama mikono yake. Akajifinya. Akajaribu kuikumbuka safari, akakumbuka kwamba alipitiwa na usingizi basi lilipoondoka Iringa. Akajiuliza: je, niliamka? Basi lile lilifika kweli?

Akafika nyumbani. Uwanjani kulikuwa na mabenchi ya kanisa, yamepangwa moja juu ya jingine. Masufuria makubwa ya kuazima yamefunikwa chini. Majivu ya moto mkubwa. Akazunguka nyuma ya nyumba, na pale kwenye migomba akaona tuta la udongo mbichi, maua ya plastiki juu yake, na msalaba wa mbao. Akapiga magoti asome. ASAJILE. Chini yake, mwaka aliozaliwa. Akapitisha kidole juu ya jina lake, na rangi ikabaki kwenye kidole.

Mama yake akatoka jikoni, amevaa kaniki nyeusi, ameshika bakuli la ndizi zilizomenywa. Akamwona mwanawe amepiga magoti kaburini. Hakupiga kelele. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Umekuja kuniaga?"

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe, baba. Kila nikifumba macho unakuja. Nenda tu. Na mimi sitachelewa."

Asajile akasema neno la kwanza lililomjia, "Mama, nina njaa."

Mama akasogea. Akamshika kifundo cha mkono, akakibana, akasikiliza mapigo kwa vidole vyake kama anavyosikiliza mtu aliye mlangoni. Bakuli likaanguka. Mlio alioutoa mama yule, walioko dukani wakaufungua mlango wenyewe bila kusukumwa.

Ndipo mambo yakaeleweka. Binamu yake alipigiwa simu, na baada ya kulia sana akaeleza. Mafuriko yalikuwa yamepita bondeni kule mjini. Maji yalipopungua, ukapatikana mwili wa mwanamume, umekaa majini siku nyingi, uso hautazamiki. Lakini koti lilikuwa limefungwa zipu mpaka shingoni, na kwenye mfuko wa ndani kitambulisho alichokisahau Asajile. Polisi wakamwita binamu, akalitambua koti. Walipiga simu ya Asajile, imezimwa. Walipiga tena na tena, imezimwa. Wangefanya nini? Jeneza likapigiliwa misumari, wakaambiwa lisifunguliwe, likaletwa mpaka Rungwe. Kijiji kikalia, kikazika, nguo za marehemu zikagawiwa.

Basi siku ile ikageuka sikukuu. Mabenchi yakapangwa upya. Jogoo akachinjwa. Kwaya ikaja, na yule jirani wa sweta akaja anacheka na kulia, anaomba radhi. Mzee wa kanisa akasimama, akasema, "Tumezika kwa machozi, leo tunaanua matanga kwa shangwe. Mama, vua kaniki hiyo. Mwanao yu hai!"

Watu wakapiga vigelegele. Mama hakuvua.

"Wangu yu hai," akasema. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye migomba. "Na huyu je?"

Vigelegele vikafa.

"Mama," mzee wa kanisa akasema, "huyo si wa kwetu."

"Nimelala chini kwa ajili yake. Nimemwita mwanangu nikiwa nimekumbatia jeneza lake. Leo unaniambia si wa kwetu? Sasa hivi, mahali fulani, kuna mama amepika, amemfunikia chakula chake, anatazama njia." Akamgeukia Asajile. "Ulimpa wewe hilo koti?"

"Ndiyo, mama. Alikaa chumba cha pili. Nilidhani ameniibia."

"Jina lake nani?"

Asajile akaanza kuisugua ile rangi kidoleni.

"Kwao wapi?"

"Sikumuuliza."

"Mmelala ukuta kwa ukuta siku zote hizo, baba. Kila asubuhi alikuwa anakuambia nini?"

"Alikuwa ananiuliza nimeamkaje."

"Na wewe ulimjibu nini?"

Hapo, wapendwa, Asajile alikaa chini kwenye udongo. Watu wanasema alilia kuliko walivyolia wote msibani kwake.

Kesho yake mama na mwana wakapanda basi kwenda Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba ya wageni akasema, "Yule wa chumba cha pili? Alikuwa analipa mapema. Jina sijui." Chumba kilikuwa na mpangaji mwingine tayari. Wakavuka bonde, wakawatafuta watu waliompa vibarua. "Ahaa, Mrefu!" wakasema. "Mtu mzuri, mchapakazi. Jina? Sisi tulimwita Mrefu tu." Mama aliyekuwa akimuuzia uji alimwita Mteja. Vijana wa magunia walimwita Babu. Wakaenda polisi, wakatangaza redioni, wakasubiri. Kila mtu alimkumbuka, na hakuna aliyemjua. Mji wote ule ulikuwa umetumia mikono ya mtu yule, na katika mji wote ule halikupatikana jina lake.

Wakarudi. Mama akachukua kisu, akalikwangua jina la mwanawe kwenye msalaba kwa mkono wake mwenyewe, mpaka mbao ikawa nyeupe. Fundi wa rangi akaja na brashi, akauliza, "Niandike nini, mama?"

Mama akasema, "Andika: MTOTO WA WATU."

Kaniki hakuivua. Akiulizwa alisema anaivaa kwa niaba ya mwenzake, mpaka mwenzake atakapokuja kuichukua. Na Asajile akawa kila jioni anakwenda kwenye migomba, anainama kwenye lile tuta, anasema, "Umeshindaje, jirani?" Halafu anasubiri kidogo. Halafu anarudi ndani.

Sasa sisi.

Najua baadhi yenu mnasema, mchungaji, mbona Asajile alitoa koti lake? Si ndivyo tunavyofundishwa? Ndiyo, alitoa. Alitoa ili mlango ufungwe. Je, sisi hatutoi hivyohivyo? Unampa mtu sahani ya wali ili aondoke barazani. Unampa kiti cha nyuma ili asikae karibu na wewe. Tunatoa, tena tunatoa sana, na aliyepokea anaondoka akiwa hajawa mtu machoni petu. Siku ile tutakapoulizwa habari za ndugu yetu, tutasema nini? Kwamba alikuwa na koti letu?

Wala usiniambie hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Dar iko mbali na hapa. Ukuta mwembamba uko wapi kwako? Dada wa kazi uliyenaye jikoni, unalijua jina alilopewa na mama yake, au unajua hilo mlilompa ninyi tu? Mlinzi wa getini kwako akifa leo, utampigia nani simu?

Mimi nasimama hapa mbele, naona msichokiona ninyi. Pale nyuma, benchi la mwisho karibu na mlango, kuna watu ambao wamesali nasi Jumapili nyingi sasa. Wanaingia tukiwa tumeshaanza, wanatoka kabla hatujamaliza, na nadhani mnajua kwa nini. Wanaogopa ile dakika ya baada ya ibada, tunapokumbatiana wenyewe kwa wenyewe na kuwapita.

Ndugu zangu wa benchi la nyuma, leo nawaomba msitoke.

Na ninyi wengine, sitatoa baraka. Naketi hapa chini, kwenye ngazi ya madhabahu. Simameni, geukeni, nendeni mpaka kule nyuma. Mwende mkaulize. Mkishaniletea majina yao, nitasimama, tutaomba, na kila mmoja wao nitamtaja.