Nguchiro Ahamisha Mawe ya Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na mafundi wao, kijiji kizima kiliamua kujenga ghala la mtama. Tembo akapewa kazi ya mawe. Kifaru akapewa matofali. Nguchiro, mama wa watoto wanne, akaambiwa, "Wewe mdogo, pika uji tu."

Siku ya msingi Tembo alimwaga mawe mbele ya kiwanja. Gubu! Gubu! Kifaru akapanga matofali kando yake. Hapo walifanya vyema, maana vitu vilikuwa karibu na kazi.

Lakini msingi ukaisha, kuta zikapanda, na mizigo iliyobaki haikusogea hata shubiri. Mawe yakaziba mlango wa ghala. Matofali yakaziba njia ya kupitishia miti ya paa. Nguchiro, ambaye kibanda chake kilikuwa jirani, akawa anaingia kwake kwa kutambaa, akisukuma sufuria kwa pua.

"Bwana Tembo," alisema, "msingi umekwisha. Peleka mawe nyuma tupitishe miti."

"Mimi nikishusha, nimeshusha!"

"Na wewe, Bwana Kifaru?"

"Shingo inaniuma, dada. Uji umeiva?"

Gurrr! Mawingu yakanguruma mlimani. Mtama wote wa kijiji ulikuwa uwanjani, juu ya mikeka. Nguchiro akawatazama wanawe. Mtama ukioza, watakula nini?

Akajifuta mikono, akamfuata Tembo.

"Bwana Tembo, hongera! Kumbe siku ya sherehe ya kufungua ghala kuna kiti cha mkubwa wa ujenzi?"

"Ehee! Kitawekwa wapi?"

"Ndiyo balaa. Pamepimwa hapo penye mawe yako. Yasipoondoka, kiti anapewa Kifaru."

"Nani? Yule mwenye pembe puani?" Masikio ya Tembo yakapiga pa! pa! "Niyaweke wapi?"

"Kule nyuma kwenye tope, tupate pa kukanyaga."

Nguchiro akakimbia kwa Kifaru, akamnong'oneza yaleyale, ila mahali pa kiti sasa pakawa penye matofali.

"Tembo akalie kiti changu? Thubutu!" Kifaru akasahau shingo. "Haya, matofali niyapeleke wapi?"

"Jikoni kwangu, bwana. Nina meko mabovu."

Basi, kazi ikaanza. Hihh! Hohh! Kila mmoja alibeba huku akimchungulia mwenzake na kucheka kimoyomoyo. Njia ikawa nyeupe pe! Miti ikapita, nyani wakapanda kuezeka, na kijiji kizima kikabeba mtama mbiombio. Kikapu cha mwisho kilipoingia tu, to! Tone la kwanza likaanguka.

Tembo na Kifaru wakakutana pale mawe na matofali yalipokuwa, mvua ikiwapiga.

"Wewe unafanya nini kwenye kiti changu?"

"Chako? Changu!"

Wakatazama chini. Hapakuwa na kiti, hata kigoda. Wakamgeukia Nguchiro, aliyesimama mlangoni mwa ghala.

"Dada," Tembo akasema polepole, "umetuchezea?"

"Mno," akajibu Nguchiro. "Ingieni ndani, mnalowa."

Tembo akataka kukasirika, lakini Kifaru akaangua kicheko hadi akakaa topeni, chubwi! "Ametubebesha, ndugu yangu! Wote wawili!"

Basi, wanangu, shikeni hili: ujenzi ukisonga mbele, mizigo nayo haina budi kusogea.