Taa Iliyowaka Dukani kwa Fisi

Giza lipo?

Lipo.

Masikio yapo?

Yapo.

Miguu iko wapi?

Tumeikalia.

Basi ikalieni vizuri, maana ngano ya leo inapita kwenye mawe.

Na ipite, tuione.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa sababu baiskeli zilikuwepo, aliishi Kirukanjia. Mnamjua: pua ndefu, mwili wa kuenea kiganjani. Kirukanjia alikuwa mkaanga vitumbua. Kila alfajiri, giza likingali giza, alifunga kwenye keria ya baiskeli yake ndoo ya unga uliokwisha kuumuka, chupa ya mafuta, na kikaango cha chuma chenye mashimo saba alichoachiwa na bibi yake. Kisha alipiga pedali mpaka sokoni, ng'ambo ya korongo. Jua likichomoza, vitumbua vya kwanza viko tayari. Bila kikaango kile Kirukanjia hakuwa mkaanga vitumbua. Alikuwa kirukanjia tu, na dunia inao wengi.

Njia ya sokoni ilishuka korongoni, na korongo lilijaa mawe. Tena nchi ile ilikuwa na desturi yake: kitu kilichoanguka njiani gizani ni cha atakayekiokota kabla jua halijachomoza. Wazee waliiweka kwa nia njema, ili njia isijae vitu vya kuwakwaza wapitao. Fisi aliipenda sana nia hiyo njema.

Fisi alikuwa na duka la taa za baiskeli, na hapakuwa na jingine. Ukiingia, alifunga mlango, kwaa. Akafunga dirisha, kwaa. Kisha akawasha taa, ta, na ukuta wote ukawa mweupe kama maziwa.

"Inawaka, haiwaki?" aliuliza.

"Inawaka."

"Basi nini tena?"

Hakuna aliyejua nini tena. Nungunungu alinunua taa, akaanguka korongoni. Kobe alinunua taa, akaanguka korongoni, akalala chali mpaka mchana akiyatazama mawingu. Na kila alfajiri Fisi alishuka korongoni na gunia, akaokota kilichoanguka. Sufuria, mkeka, mtungi wa asali. Hakuwahi kujiuliza kwa nini wateja wake wote huanguka mahali pamoja. Alidhani hawajui kuendesha.

Kirukanjia naye alinunua taa. Iliitwa Jicho la Chui. Iliwaka vizuri njia nzima ya mchanga. Ilipofika kwenye mawe, gurudumu likaruka, tiki, tiki, tiki, na taa nayo, pwi. Kirukanjia kulia, baiskeli kushoto, kikaango bondeni, nga, nga, nga. Alikitafuta kwa kupapasa, akapata miiba. Jua lilipochomoza, kikaango kilikuwa kimetundikwa ukutani dukani kwa Fisi.

"Bwana Fisi, kile ni kikaango cha bibi yangu."

"Kilianguka, hakikuanguka?"

"Kilianguka."

"Jua lilikuwa limechomoza?"

"Bado."

"Basi nini tena, bibie? Pole sana. Labda ungenunua taa kubwa zaidi."

Kirukanjia alirudi nyumbani. Hakulia. Aliichukua ile taa, akaitikisa karibu na sikio. Kocho, kocho. Ndani, betri ilikuwa inacheza kama jino bovu. Akaiweka mezani, ikawaka. Akaipiga meza ngumi, ikazimika. Akaipiga tena, ikawaka.

Jirani yake Nungunungu akauliza kupitia uani, "Dada, unagombana na nani humo?"

"Na meza."

"Nani anashinda?"

"Mpaka sasa, Fisi."

Kesho yake alikwenda dukani na kibaba cha unga wa mchele, kilichobaki nyumbani.

"Karibu, bibie," alisema Fisi, na mkono wake tayari uko kwenye mlango. Kwaa.

"Fungua, Bwana Fisi."

"Nikifungua utaionaje taa?"

"Mimi naendesha baiskeli nje. Chumbani natembea."

Fisi akafungua, shingo upande. Akaleta taa iitwayo Radi ya Masika. Kirukanjia akaipokea, akaitikisa. Pwi.

"Taa haitikiswi," alisema Fisi. "Taa ni kitu cha heshima."

"Korongo halina heshima, Bwana Fisi. Na ile kubwa je?"

Ile kubwa ilikuwa kama papai, na jina lake Jua la Usiku. Bei yake debe zima la mchele. Fisi alisimama mbele yake kama anayemficha mwali. "Hii hata mimi huiwasha mara moja tu kwa siku, mlango ukiwa umefungwa. Hii huigusi."

"Na ile unayozuilia mlango?"

Fisi akatazama chini. Palikuwa na taa ya dainamo, ina kutu, waya wake umeviringwa kama mkia wa panya.

"Hiyo? Hiyo haina hata betri. Inazungushwa na tairi. Ukisimama, inazimika."

"Ukisimama korongoni unakwenda wapi?"

"Haya, nipe kibaba chako uiondoe. Unanipunguzia takataka."

Jioni ile Kirukanjia aliipangusa kutu, akaifunga taa kwenye usukani na dainamo ubavuni mwa tairi la mbele. Nungunungu akainua gurudumu, akalizungusha. Krrrrr. Taa ikawaka, rangi ya samli. Kirukanjia akaigonga kwa jiwe. Krrrrr, inawaka. Akaimwagia maji. Krrrrr, inawaka. Kisha akachukua jiwe jeupe, akaenda nalo mbele kwenye giza.

"Unaliona?"

"Naliona."

"Unaliona?"

"Naliona."

"Unaliona?"

"Sasa naona pua yako tu, dada."

Kirukanjia akaliweka jiwe chini, akarudi, akapanda baiskeli, akalifuata kwa kasi yake ya kila siku na kupiga breki pale mwanga ulipoligusa. Alisimama kabla ya kulifikia. Akarudia, ili asiwe amebahatisha. Akasimama tena. "Inatosha," alisema.

Tangu hapo alipita korongoni kila alfajiri, krrrrr, amebeba viazi vya kuchemsha kwa sababu kikaango hana. Viazi havina foleni. Vitumbua vina foleni. Kila alfajiri alipita, na kila alfajiri Fisi alikuwa amekaa juu ya jiwe na gunia tupu, anasubiri kitu kianguke. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Wewe, mbona huanguki?"

"Nitaangukaje na taa yako, Bwana Fisi? Sokoni wananisumbua niwaambie nimeinunua duka gani. Wote wanataka. Ila wana neno."

"Neno gani?"

"Wanasema hawajawahi kumwona mwenye duka akiiwasha taa yake njiani. Si maneno yangu."

Fisi akacheka, kama mnavyomjua. "Kesho wataniona. Nitakuja na taa zangu."

"Chukua mbili tatu tu. Zote ni mzigo."

"Nitachukua zote."

"Na vyombo vya ukutani viache, utachoka bure."

"Sokoni kuna wanunuzi wa vyombo?"

"Wapo, lakini Bwana Fisi..."

"Na vyombo vyote," alisema Fisi.

Alfajiri iliyofuata baiskeli ya Fisi ilikuwa mlima. Taa zote, sufuria zote, mikeka yote, mtungi wa asali, na juu kabisa kikaango cha mashimo saba. Kwenye usukani, Jua la Usiku.

"Tangulia wewe," alisema Kirukanjia. "Mwanga wangu mdogo utakutia aibu."

Sasa, jamani, Fisi huona gizani. Angekwenda bila taa yoyote angefika salama, akanywa chai. Lakini aliwasha Jua la Usiku, na kila alipoutazama mwanga mweupe mbele yake macho yake yalisahau giza. Alikuwa akijisifu kwa sauti njia nzima ya mchanga. "Inawaka, haiwaki? Inawaka. Inawaka, haiwaki? Inawaka."

Akafika kwenye mawe. Tiki. Tiki. Tiki.

Pwi.

Kulikuwa na kimya kifupi, cha mtu aliye hewani. Halafu gubu. Halafu sufuria, nga, nga, nga, nga, mpaka chini.

Krrrrr, akaja Kirukanjia, anachagua njia yake kati ya mawe. Nyuma yake Nungunungu. Na chini bondeni, tayari amefika, alikuwa Kobe, ambaye aliondoka nyumbani tangu jana asubuhi ili asichelewe. Nungunungu akainua baiskeli ya Kirukanjia, akazungusha gurudumu ili mwanga usikatike, na wengine wakaokota.

"Hivyo ni vitu vyangu," alisema Fisi kutoka kwenye miiba.

"Vilianguka, havikuanguka?" aliuliza Kirukanjia.

"Vilianguka."

"Jua limechomoza?"

Fisi akageuka mashariki. Akatazama kwa muda mrefu, kama anayembembeleza mtu atoke ndani.

"Bado," alisema.

"Basi nini tena, Bwana Fisi? Pole sana. Labda ungenunua taa kubwa zaidi."

Kirukanjia akakipata kikaango. Ukingo ulikuwa umepinda kidogo. Akaingiza kidole kwenye kila shimo, moja baada ya jingine, mpaka la saba. Siku ile vitumbua vilikuwa tayari jua lilipochomoza, na foleni ilizunguka soko.

Nungunungu alichukua sufuria yake. Kobe alichukua mtungi wake. Zikabaki taa, ambazo kwa desturi ile hazikuwa tena na mwenyewe. Kirukanjia akazichukua.

Mpaka leo anaziuza, kando ya vitumbua. Soko halina mlango wa kufunga, kwa hiyo ana gunia zito, jeusi. Mteja anaingiza kichwa, Kirukanjia anaingiza taa, ta.

"Inawaka, haiwaki?"

"Inawaka," anajibu mteja kutoka guniani.

"Basi nini tena?"

Na wapo wanaosema kwamba alfajiri hizi korongoni inasikika krrrrr ikipita polepole, inarudi, inapita tena, kama ya mtu anayetafuta kitu njiani. Mimi sikumwona. Palikuwa na giza.

Funzo la ngano hii ni jepesi, lishikeni. Fisi aliharibikiwa kwa sababu alifungua mlango. Ukiuza taa, usifungue. Ukinunua taa, usiitikise, ni utovu wa adabu. Chagua yenye jina refu kuliko zote. Na muwe waaminifu, watoto wazuri, maana uaminifu hulipa. Mwulizeni Kirukanjia.

Ngano yangu imefika sokoni, nimeiegemeza ukutani. Anayeitaka aipande.

Ina taa?

Ina. Ingiza kichwa guniani uone.