Jina Moja kwa Makao Makuu

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana barua zilishaanza kufika kwa kompyuta, palikuwa na kampuni mama. Nasema mama kwa kuwa ndivyo ilivyojiita. Mimi mama wa namna hiyo sijamwona. Makao yake makuu yalikuwa ng'ambo, kwenye baridi, na watoto wake walitapakaa dunia nzima: huku mgodi, kule kiwanda cha saruji, pale gari la mashindano. Haikufua chuma, haikukanda mpira, haikushika usukani. Ilinunua, ikamiliki, ikauza.

Morogoro ilikuwa na watoto watatu. Wa kwanza kiwanda cha springi za malori, mkuu wake Mkude, mtu wa maneno machache. Wa pili kiwanda cha mipira, kilichotengeneza mabomba ya injini, mkuu wake Bi Hidaya Shekalaghe, mtu wa maneno mengi. Wa tatu karakana ya magari ya mashindano, mkuu wake Hafidhi, dereva, ambaye hajawahi kufika mahali polepole. Juu yao aliwekwa Leokadia Mbuya, mwakilishi wa kampuni, mwenye feni mbovu na kazi isiyokwisha ya kuandika ng'ambo na kungoja majibu.

Siku moja ikaja barua ya mwenyekiti. "Huko kwenu nitabakiza mmoja, wawili nitawauza. Abaki yule atakayetuletea kombe la mbio za magari za mwaka huu. Bi Leokadia ataniandikia jina."

Leokadia akaisoma, akavua miwani, akaisoma tena. "Kiwanda cha mipira kitaletaje kombe la magari?" akamuuliza karani wake. Karani akatazama feni. Wanunuzi walikwisha kujulikana: walitaka viwanja wajenge maghala, mashine ziwe chuma chakavu, wafanyakazi waende makwao. Kwa hiyo kubaki kulikuwa kula, na kuuzwa kulikuwa njaa.

Hafidhi alipopata habari alicheka. "Dada Leo, andika karakana leo hii, usiichoshe kalamu."

Mbio zikaanza, siku tatu za vumbi.

Siku ya kwanza springi ya mbele ya gari la Hafidhi ikakatika. Leokadia akapiga simu ng'ambo: kiwanda chetu wenyewe cha springi kiko karibu, tukaombe moja? Makao makuu yakajibu, "Mali ya mtoto huyu haiendi kwa mtoto yule bila kibali. Jazeni fomu." Akajaza fomu. Fomu ikataka saini ya mtu aliyekuwa likizo.

Leokadia akaiacha fomu mezani, akaenda kumwomba Mkude. Tanuru la Mkude lilikuwa na oda ya malori, oda pekee ya mwezi ule. Mkude akaitoa motoni, akafua springi ya gari dogo ambayo kiwanda kile hakijawahi kufua, akaipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Mwenye malori akaudhika, akahamia kwingine. Gari likaondoka.

Siku ya pili bomba la maji la injini likapasuka. Leokadia akapiga simu. Makao makuu yakajibu, "Jazeni fomu."

"Si nilijaza jana?"

"Ile ilikuwa ya chuma. Hii ni ya mpira."

Leokadia akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la ofisini. Alichoka, nami namwelewa. Kumbe Bi Hidaya alikuwa kando ya barabara na wafanyakazi wake, wamekuja kushangilia. Hakuombwa na mtu. Alifungua boneti ya gari la kiwanda chake, akachomoa bomba, akalikata kwa kipimo, akalifunga kwa mkono wake. Gari lile ndilo pekee walilokuwa nalo, na lilikuwa lipeleke mzigo Dodoma jioni ile. Mzigo ukalala, mteja akauvunja mkataba. Gari la mashindano likaondoka.

Siku ya tatu, mteremko wa mwisho, breki zikafa. Leokadia safari hii hakupiga simu. "Nikilisikia tena neno fomu nitalia," alisema. Hafidhi akashuka mlima kwa gia tu, akagonga mti, mkono wa kulia ukavunjika mara mbili, akageuza usukani kwa wa kushoto, akamaliza wa kwanza. Daktari akamwambia usukani wa mashindano basi, asiuguse tena.

Kombe likapatikana. Kutoka ng'ambo ikaja barua yenye mambo matatu: pongezi, swali la kwa nini fomu ya springi haijakamilika, na amri. "Jina lifike kabla ya Ijumaa saa sita. Lisipofika tutauza wote."

Ijumaa asubuhi wakaja watatu.

Mkude akasema, "Mimi sina mengi. Bila springi, siku ya pili isingekuwapo, wala ya tatu. Na oda niliyoitoa motoni ndiyo ingetutetea."

Bi Hidaya akasema, "Kaka Mkude, wewe uliombwa. Mimi niliombwa na nani? Nililing'oa bomba la gari letu mbele ya watu wangu, nao wakanisaidia kushika, wakijua mzigo unalala. Mdogo wangu Hafidhi namwombea apone, lakini yeye alifanya kazi aliyoajiriwa."

Hafidhi akasema, "Springi haijui njia, dada, na bomba halijui kona. Kaka Mkude kesho atafua nyingine. Wewe mabomba unayo ghala zima. Mimi mkono mwingine nitautoa wapi? Na mafundi wangu waliniungia gari usiku na mchana, niwaambie nini?"

"Nyote mna haki," Leokadia akasema, "na hilo ndilo linaloniudhi." Akaandika majina yote matatu, akatuma. Majibu yakarudi chai haijapoa: nafasi ni ya jina moja.

Saa tano na nusu. Watatu wamesimama, Leokadia ana kalamu.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa, msiniambie wagawane; aliandika hivyo akarudishiwa. Msiniambie mwenyekiti ndiye mkosaji. Tunajua, lakini yeye hauzwi. Mkude aliombwa, akatoa oda yake. Hidaya hakuombwa, akatoa gari lake. Hafidhi aliajiriwa, akatoa mkono wake. Je, nani alistahili kubaki? Na ukishalitaja jina, wale wawili wengine waliosimama mbele yako utawaambia nini?