Jogoo wa Kisima cha Wakfu

Waliotutangulia walisimuliana, nasi tumepokea kama tulivyopewa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa mawe, zamani za mababu wa mababu zetu, aliishi mcha Mungu akiitwa Sheikh Muhadhari bin Shekue. Alikuwa mtu wa elimu na ibada, na zaidi ya yote alisifika kwa upole. Akitukanwa, hutabasamu. Akisukumwa njiani, yeye ndiye huomba radhi. Kina mama wenye watoto watundu waliwapeleka kwake, wakisema hata jiwe litalainika likikaa kwa Sheikh Muhadhari.

Nyumba yake ilikuwa na ua mpana, na uani mlikuwa na kisima. Visima vyote vya mji ule maji yake yalikuwa ya chumvi, isipokuwa hicho kimoja. Babu yake Sheikh alikitoa wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na akaweka sharti kwamba mlango wa ua uwe wazi tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na anayechota asiulizwe jina wala kabila. Sheikh alilishika sharti lile kama alivyoshika swala zake.

Sasa humo uani alifuga kuku, na mkubwa wao alikuwa jogoo mmoja. Jogoo gani! Kuchi mrefu, wa mbegu ya majogoo wapiganao, mwekundu wa shingo, kifua mbele, miguu kama ya mbuzi. Alikuwa wa kwanza kuwika mtaa mzima, na Sheikh alimpenda mno. Mnajua tumefunzwa tusimtukane jogoo, kwa kuwa huwaamsha watu kwa swala. Basi Sheikh wa watu, kwa kumpenda kwake, akaona kwamba hata kumlalamikia jogoo ni kumtukana. Wanawake waliokuja kuchota maji walipomwambia, "Sheikh, jogoo wako anatufukuza," aliwajibu kwa upole kwamba waingie kwa adabu na wapige hodi, kwani mnyama haonei mtu bure.

Msicheke. Jogoo akikuamulia, elimu haikusaidii. Mimi mwenyewe nimeshakimbizwa na jogoo wa jirani, nikaacha kilemba kwenye mchongoma, na wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wenu.

Miongoni mwa wachotaji alikuwamo mjane mmoja mtu mzima, Bi Tufaha, mpika vitumbua, aliyelea wajukuu wawili wa kike waliofiwa na wazazi wao. Mchele wa vitumbua vyake aliuroweka kwa maji ya kisima kile, maana kwa maji ya chumvi kitumbua hakiumuki wala hakilika. Mali hakuwa nayo, na ukoo wake haukuwa wa kutajwa. Alikuwa na kitu kimoja tu mjini pale, nacho ni ukweli. Watu wakibishana juu ya jambo, huulizana, "Bi Tufaha alikuwapo? Kasemaje?" Akishasema yeye, mjadala umekwisha.

Asubuhi moja Bi Tufaha alipiga hodi, akakaribishwa, akaingia na mtungi wake. Alivaa mitalawanda, vile viatu vya mti, kama walivyovaa wote waendao kisimani, kwa sababu mawe ya pale yalikuwa na utelezi. Hakufika hata nusu ya ua. Jogoo alimjia mbio, manyoya ya shingo yamemsimama, akamrukia miguuni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama wa watu akaanguka. Mtungi ukavunjika, na mkono wa kulia ukateguka.

Sheikh alitoka ndani akamkuta chini.

"Mama, umemfanya nini?"

"Sikumgusa, Sheikh wangu."

"Jogoo hamrukii mtu hivihivi, mama."

"Wallahi sikumgusa."

Sheikh hakuongeza neno. Afadhali angeongeza palepale yakaisha! Ijumaa iliyofuata, akiwafundisha watu msikitini baada ya swala, alifika kwenye mlango wa kuwahurumia wanyama, akasema kwa sauti yake ileile ya upole: "Wapo wauzao vitumbua ambao huingia nyumba za watu wakachokoza viumbe vya Mungu, kisha wakaapa kwamba hawakugusa." Jina hakulitaja. Lakini mji mzima wauza vitumbua walikuwa wangapi? Kabla ya alasiri neno lilikuwa limeshafika kila jiko. Na kwa kuwa lilitoka kwa mtu mpole asiyemsema mtu, watu waliliamini.

Wateja wakaanza kunong'ona kwamba kama mama yule anaapa uongo juu ya jogoo, nani ajuaye anachanganya nini kwenye unga wake? Wanawake wengine nao wakaacha kwenda kisimani mmoja mmoja, kwa kuogopa mdomo wa jogoo na kwa kuogopa kutajwa Ijumaa. Bi Tufaha alichota maji ya chumvi kwa mkono mmoja. Vitumbua vikatoka vizito kama kokoto. Ilipofika wiki ya tatu, wajukuu zake walikuwa wakilala na njaa.

Ikawa siku moja Sheikh amerudi nyumbani adhuhuri, akapita kisimani, akaona kamba ya ndoo ni kavu. Kamba ile haikupata kukauka mchana tangu enzi za babu yake. Akamwita mkewe, Bi Shemsa.

"Wachotaji wako wapi?"

"Wamekoma kuja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya jogoo wako, bwana. Na kwa sababu ya ulimi wako."

Bi Shemsa, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwenye macho, na kwa siku nyingi alikuwa akimtazama jogoo yule. Akamwambia mumewe, "Simama mlangoni uangalie." Akavaa mitalawanda yake, akashuka uani. Jogoo, ambaye kila siku alikula chenga za mchele mkononi mwake, akamjia kwa vita. Bi Shemsa akasimama kimya, akavua mitalawanda, akaisukuma kando. Jogoo akaishambulia ile mitalawanda mitupu, akaipiga, akaipiga, na mwenye miguu hakumtazama tena.

Hapo moyo wa Sheikh ulianguka. Alikumbuka. Jogoo yule alipokuwa pora, hajajua hata kuwika, Sheikh alikuwa akimaliza kutawadha pale kisimani humwekea ncha ya mtalawanda mbele ya kifua, akaisukuma na kuirudisha, akaisukuma na kuirudisha, mpaka pora akakasirika na kuirukia. Sheikh akacheka peke yake. Kila alfajiri alicheza mchezo ule, na hakuna mtu aliyejua kwamba Sheikh Muhadhari anacheza. Pora alipokuwa jogoo, na kile kipi, ule mwiba wa mguuni, kikaanza kuuma, Sheikh aliacha kuvaa mitalawanda uani. Alimfunza vita, kisha vita vyenyewe akawaachia wanawake wa watu.

"Nitamchinja leo hii," akasema.

"Mchinje," Bi Shemsa akamjibu. "Ukishamchinja, Bi Tufaha atakuwa mkweli?"

Basi Sheikh alikwenda nyumbani kwa Bi Tufaha. Alimkuta jikoni anapepea moto kwa mkono wa kushoto. Akatoa salamu, akainama kama mtoto mbele ya mama yake, akamweleza yote, mchezo na mtalawanda na lile neno la Ijumaa, na akamwomba radhi. Bi Tufaha alilia. Hakuwa amelia hata siku aliyoanguka.

"Wajukuu zangu waliniuliza kama ni kweli bibi yao ni mwongo," akasema. "Sikuwa na la kuwajibu, maana aliyesema ni wewe." Akajifuta uso kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. "Sheikh wangu, umeniangusha mbele ya watu, umekuja kuniinua jikoni?"

Akarudi kupepea moto wake.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Tangu Jumanne hadi Ijumaa nafsi haikumpa Sheikh usingizi. Ilimwambia: Ukisema hayo, nani atakusikiliza tena? Watoto watafundishwa na nani? Usinyamaze kwa ajili yako, nyamaza kwa ajili ya heshima ya elimu! Tazameni ujanja wa nafsi, ndugu zangu. Ikitaka kujificha huvaa kilemba.

Ijumaa ilipofika, Sheikh aliswalisha, kisha akasimama palepale alipokuwa amesimama siku ile, na Bi Tufaha alikuwapo upande wa wanawake. Akasema, "Nilisema neno mahali hapa juu ya muuza vitumbua. Nilimkusudia Bi Tufaha, nanyi mlijua. Bi Tufaha ni mkweli. Jogoo wangu nilimfunza ukorofi mimi mwenyewe, kwa mtalawanda wangu, kwa mchezo, na nikamsingizia mtu nisilolijua. Mwongo ni mimi."

Mtu mmoja wa safu ya nyuma, akimwazia Sheikh anapigana na pora kisimani, alishindwa kujizuia akacheka, na kicheko kikashika msikiti mzima. Wazee walitazama mikeka kwa haya. Sheikh alisimama, masikio yamemwiva, hakujitetea wala hakukaa mpaka wakanyamaza wenyewe. Ndipo akasema, "Tangu kesho nitawachotea maji kwa mikono yangu wote wanaokuja, mpaka jogoo huyu atulie. Kisima ni chenu."

Jumamosi asubuhi wa kwanza kufika alikuwa Bi Tufaha, mkono umefungwa kitambaa. Alitazama ua, akahesabu kuku kwa macho, akatikisa kichwa. Marehemu baba yake alikuwa mfugaji wa kuchi.

"Majogoo watatu kwa matetea wanne," akasema. "Sheikh wangu, hapo hata masheikh wangegombana."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Hao wawili watoe, na matetea uongeze. Huyu mkubwa mkate ncha ya kipi. Wakati wa watu wengi mfunike tenga. Na akikujia, usimpige na usimkimbie. Ukimpiga umepokea vita, ukimkimbia umempa ushindi. Simama. Mwinue, mtie kwapani, mwinamishe kichwa polepole mpaka atulie, kisha tembea naye matetea wake wakimwona."

"Mpaka lini?"

"Mpaka achoke yeye."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Sheikh Muhadhari alivaa mitalawanda, akaingia uani, akarukiwa. Akamwinua jogoo, akamtia kwapani, akachota maji kwa mkono mmoja. Wanafunzi wake wakaja kusoma hukohuko, wao wamekaa kwenye mawe, mwalimu anafasiri aya na jogoo anachungulia chini ya mkono wake. Mji ulimpa jina, Sheikh Kwapa, naye akiitwa hivyo aliitikia.

Wala msidhani ilikuwa kazi nyepesi. Siku ya kumi na moja jogoo alimparura mpaka damu ikachuruzika kwenye kanzu nyeupe. Sheikh aliinua ufagio. Wote wakauona mkono ule juu. Akaleta istighfari, akaleta tena, akauweka ufagio chini na kumwinua jogoo kwa mikono miwili. Wanafunzi walisema baadaye kwamba habari ya kuizuia hasira walikuwa wameisoma kitabuni miaka mitatu, na siku ile ndipo walipoiona.

Wachotaji wakarudi, wawili, kisha watano, kisha msururu. Bi Tufaha akapata maji yake, vitumbua vikaumuka, na waliomsengenya wakawa wa kwanza kuja na sahani, wameinamisha vichwa. Aliwauzia.

Ilipokaribia siku ya arobaini, Bi Tufaha aliingia uani kwa mitalawanda yake, akataka jogoo asifunikwe tenga wala asishikwe. Ua ulikuwa umejaa watu, na Sheikh alikuwa akitokwa na jasho kuliko wote. Jogoo akainua kichwa. Akamjia hatua tatu, akasimama, akaitazama mitalawanda kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Bi Tufaha akaendelea kutembea mwendo wake uleule. Jogoo akampisha, akaokota punje ya mtama, akawaita matetea wake waje kula.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja wao, jirani mwenye kupenda habari, akasema, "Haya, Bi Tufaha, leo umemsamehe Sheikh?"

Bi Tufaha alikuwa anateremsha ndoo. "Leo?" akasema. "Mimi nilimsamehe Ijumaa ile, hajaketi bado. Siku zote hizi alikuwa akipatana na jogoo."

Walicheka, na Sheikh alicheka kuliko wao, machozi yakamtoka.

Ndugu zangu, Mola atupe insafu, ule uadilifu wa mja wake yule. Sisi tunalivunja jina la mtu barazani, kisha tunatubu kitandani. Tunalia hasa, na asubuhi tunaamka wepesi, kumbe mwenzetu bado anapita njiani akinyooshewa vidole. Toba ile ni nusu. Nusu ya pili iko mahali uliposema, rudi ukaseme.