Mafungu Sita ya Bi Tumbili

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kwa sauti ndogo, midomo imejaa nini? Mezeni kwanza. Haya.

Hapo zamani za kale alikuwapo Bi Tumbili, mama wa watoto sita. Kila asubuhi alichuma makuyu, akayapanga mafungu saba: sita ya watoto, moja lake. Watoto wakakua. Binti mkubwa akaolewa ng'ambo ya mto, wengine wakashika njia zao. Bi Tumbili akabaki peke yake, na mafungu saba. Mkono ulishazoea. Alikula lake, akayatazama yale sita, akasema riziki haitupwi. Akayamaliza. Nyam, nyam, nyam! Kesho vilevile.

Siku moja habari ikaja: bintiye ana mimba, mvua zikianza atajifungua, naye anataka mama awepo. Bi Tumbili akakimbilia tawi la kuvukia mto. Akakanyaga. Kwaa! Tawi likainama hadi mkia ukagusa maji. Mamba akafumbua jicho moja.

"Bi Tumbili, umenawiri kweli. Karibu."

Siku zote sifa hiyo ilimpendeza. Siku hiyo haikumpendeza hata kidogo. Akarudi nyuma, moyo du, du, du, akisema tawi limezeeka. Tawi, jamani!

Akalia sana, maana alitamani kumpokea mjukuu kwa mikono yake. Akaamua kufunga. Siku mbili hakutia kitu kinywani. Siku ya tatu kizunguzungu kikamshika, akauvamia mkuyu, akala mafungu tisa.

Shoga yake Bi Mbega, wa rika lake, akamkuta kalala chali. Hakumcheka. Basi, alicheka kidogo. Kisha akamwambia, "Shoga, miili yetu ya sasa si ile ya usichana. Njaa haitaki. Chuma fungu la mdomo mmoja. Anza na majani, kisha makuyu. Na uchume mti wa mbali, miguu ifanye kazi."

Haikuwa rahisi. Mkono ulinyooka kuchuma fungu la pili, akaupiga kofi, pa! Mwezi ukaandama, ukaandama tena. Mvua zikaanza. Bi Tumbili akakanyaga tawi. Kwaa! Likainama, likashika. Hakuwa mwembamba, msidanganyike; alipungua vya kutosha kuvuka. Mamba akauliza mbona amechakaa hivyo. Bi Tumbili akapita zake.

Akampokea mjukuu, akalia kwa furaha. Siku ya saba, baada ya kula, binti akakusanya mabaki ya mumewe ayamalize. Alisema yasiharibike. Bi Tumbili akamshika mkono.

"Wape ndege, mwanangu. Tumbo lako si jalala. Mabaki kama hayo yalikaribia kuninyima huyu." Akamwonyesha kichanga.

Funzo ni hili: mama, kula fungu lako, utembee, wala usijitese kwa njaa. Watoto wakishaondoka, usiwalie chakula chao.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyebakisha asimpe mama amalizie.